UZI: Hesabu za vitendo kwa mwaka wa kwanza chuoni. Leteni mifano ya huku kwetu yenye tarakimu

MwlGongoni (Malindi) #1

Salaam jamani. Muhula ujao kuna kozi ya hesabu za vitendo kwa wanaoanza cheti na diploma: watu wa hoteli, ujenzi, biashara na wachache wa mambo ya bahari. Wiki 12, saa tatu kwa wiki. Hakuna kutafuta x kwa ajili ya x.

Wanaoingia wengi kukokotoa wanajua. Waulize 16% ya 5,800, watakupa 928 kabla hujafunga mdomo. Sasa wape risiti ya shilingi 5,800 ambayo VAT imo ndani, uwaulize kodi ni ngapi. Watakwambia 928 tena, nayo si sahihi. Ile 16% ni ya bei kabla ya kodi, si ya bei iliyoandikwa chini ya risiti. Gawa 5,800 kwa 1.16, upate 5,000. Kodi ni 800. Anayebisha mpe ajikague: 5,800 toa 928 ni 4,872, iongeze 16% yake, utafika 5,651.52, na shilingi 148.48 hazijulikani ziliko.

Kwa hiyo nataka kozi nzima isimame juu ya swali moja: asilimia YA NINI, kipimo KUTOKA WAPI? Kila mwenye fani alete mfano, na aonyeshe wanafunzi wanapoteleza. Hadithi za "enzi zetu hesabu zilikuwa hesabu" tuziweke uzi mwingine.

mchuuzi_wa_ngowe #2

Mwalimu, anza na faida. Kreti ya maembe ngowe mia moja umenunua 2,000, umeuza 2,500. Faida ni 500. Asilimia ngapi? Ya bei ya kununulia ni 25%. Ya bei ya kuuzia ni 20%. Zote sahihi, na watu wawili wanaweza kubishana hadi magharibi bila kujua kila mmoja anagawa kwa namba yake.

Balaa linakuja bosi wa duka akisema "nataka thelathini kwa mia ya mauzo". Kijana anazidisha 2,000 kwa 1.30, anaandika 2,600. Hapo faida ni 600 kati ya 2,600, yaani 23% tu ya mauzo. Sahihi ni kugawa: 2,000 ÷ 0.70 = 2,857.

Kisha weka uozo, maana embe si msumari. Kumi zimeharibika, zimebaki 90. Ukiuza kwa 25 ileile, unapata 2,250, na faida ni 250. Mali iliyopotea ni 10% lakini faida imekatika nusu nzima, kutoka 25% hadi 12.5%. Ukitaka ibaki 25%, gawa 2,500 kwa 90: embe moja ni 27.78, basi andika 28. Wape wafanye tena kwa 20% ya uozo, watanyamaza.

Msabaha_Boy #3

Ongeza ile ya kupandisha bei 20% halafu kutangaza punguzo la 20%. Watu wanadhani wamerudi pale pale. 100 × 1.2 × 0.8 = 96.

KaraniWaSacco (Malindi) #4

Mikopo ndiyo ipewe wiki mbili kamili, mwalimu, usiibane. Mfano mmoja unatosha ukiuchambua vizuri.

Mkopo 120,000, miezi 12, riba 1.5% kwa mwezi. Wakopeshaji wawili wanatangaza maneno hayohayo.

Wa kwanza anatoza juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, ile wanayoiita flati. 120,000 × 0.015 = 1,800 kwa mwezi, mara 12 ni 21,600. Jumla 141,600, rejesho 11,800 kila mwezi. Rahisi, hata kwa vidole.

Wa pili anatoza juu ya salio lililobaki. Rejesho linapatikana hivi:
1.015 izidishe yenyewe mara 12: 1.195618
Gawa 1 kwa hiyo: 0.836387
Toa kwenye 1: 0.163613
Riba ya mwezi wa kwanza, 1,800, igawe kwa hiyo: 11,001.60

Jumla 132,019, riba 12,019. Tangazo ni lile lile, 1.5%, na tofauti ni shilingi 9,581.

Wanapokosea: wanakata desimali mapema. Mwenye kuandika 0.16 badala ya 0.163613 anapata rejesho la 11,250, karibu 250 zaidi kila mwezi. Waambie tarakimu zikae ndani ya kikokotoo hadi hatua ya mwisho, ndipo wakadirie.

Kwenye Excel ni mstari mmoja: =PMT(1.5%,12,-120000). Lakini kwanza wajaze jedwali kwa mkono angalau miezi miwili, la sivyo PMT inakuwa uganga. Mwezi wa kwanza riba 1,800, iliyokata mkopo 9,201.60, salio 110,798.40. Mwezi wa pili riba 1,661.98, iliyokata mkopo 9,339.62, salio 101,458.78. Wanaona wenyewe riba ikishuka na deni likiliwa kwa kasi zaidi.

baraka_wa_watamu #5

Karani, flati si wizi lakini. Mteja anaambiwa mapema atalipa 141,600 na anasaini. Yule wa salio naye hukupiga ada ya fomu, bima, sijui nini.

KaraniWaSacco #6

Sijasema wizi, ndugu yangu. Nimesema 1.5% mbili zisizolingana, na mwanafunzi ajue kuzileta kwenye kipimo kimoja. Rejesho la 11,800 kwa miezi 12 ukiligeuza kuwa riba ya salio linatoka 2.64% kwa mwezi, karibu 31.7% kwa mwaka. Excel: =RATE(12,-11800,120000). Bila kompyuta kuna makadirio: zidisha riba ya flati kwa 2n ÷ (n+1), n ikiwa idadi ya miezi. 1.5 × 24 ÷ 13 = 2.77. Inazidi ukweli kidogo, ila kwa kulinganisha mezani inatosha.

Kwa nini inakaribia mara mbili? Kwa sababu kwa wastani deni ulilonalo mkononi ndani ya mwaka ni karibu nusu tu ya 120,000, na unalipia 120,000 yote hadi mwezi wa mwisho.

Kuhusu ada uko sawa kabisa. Ada zikikatwa mwanzoni, weka kwenye RATE pesa zilizofika mkononi, si zilizoandikwa kwenye mkataba. Mikopo ya simu ni mfano mzuri: unaandikiwa 1,000, inakatwa 75, unapokea 925, baada ya siku 30 unarudisha 1,000. Hiyo si 7.5%, ni 75 ÷ 925, yaani 8.1% kwa mwezi. Na hata ingekuwa 7.5% halisi, mwenye kuizungusha miezi 12 bila kulipa anafika 1.075 iliyozidishwa yenyewe mara 12, ambayo ni 2.38. Deni limezidi mara mbili.

UkhtiLangoni (Lamu) #7

Na wale wasiogusa riba wasifikiri wamesamehewa hili somo. Murabaha, yaani kuuziwa kitu kwa bei ya kununulia na faida iliyotajwa, nayo ina bei ya kununua, bei ya kuuziwa na muda. Hesabu ya kulinganisha ni ileile, hata kama mkataba na hukumu yake ni kitu kingine.

NahodhaMkanda (Lamu) #8

Mwalimu umesema kipimo kutoka wapi. Basi njoo baharini.

Jedwali la maji linakupa namba nne kwa siku, kupwa mbili na kujaa mbili, na saa zake. Halikwambii maji yako wapi katikati. Hapo tunatumia kanuni ya kumi na mbili: gawa tofauti ya kupwa na kujaa kwa 12, na katika saa sita maji hupanda 1, 2, 3, 3, 2, 1.

Mfano wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kupwa saa nne kamili asubuhi, mita 0.4. Kujaa saa kumi na dakika 12 jioni, mita 3.4. Tofauti 3.0, sehemu moja ni 0.25. Muda wote ni dakika 372, kwa hiyo "saa" moja ya maji hapa ni dakika 62, si 60.

Saa ya 1: 0.65
Saa ya 2: 1.15
Saa ya 3: 1.90
Saa ya 4: 2.65
Saa ya 5: 3.15
Saa ya 6: 3.40

Sasa swali. Kuna fungu la mchanga ambalo hutoka nje kwa mita 0.6 juu ya sifuri ya ramani. Chombo kinazama mita 0.9, na unataka akiba ya 0.3 chini yake. Unahitaji maji ya 0.6 + 0.9 + 0.3 = 1.8. Saa ya pili maji ni 1.15, bado 0.65. Saa ya tatu hupanda 0.75. 0.65 ÷ 0.75 × 62 ni dakika 54. Jumla dakika 124 + 54 = 178, yaani saa saba kasoro dakika mbili mchana. Kabla ya hapo kaa gatini unywe kahawa. Maji yakishuka kwa mwendo uleule, mlango wa kupita unafungwa dakika 194 baada ya kujaa, saa moja na dakika 26 usiku.

Makosa ninayoyaona kwa vijana:
Wanagawa kwa sita sawasawa. Saa ya kwanza wangesema maji yamefika 0.9, kumbe ni 0.65. Sentimita 25 hizo ndizo zinazokuweka juu ya mchanga.
Wanasahau sifuri. Kina cha ramani hupimwa kutoka kwenye maji ya chini sana, si kutoka kwa maji unayoyaona sasa. Kina halisi ni kina cha ramani JUMLISHA maji ya jedwali. Fungu linalotoka nje unalitoa.
Wanachukua namba za bamvua siku ya maji mafu. Maji mafu kupwa yake haishuki sana wala kujaa yake haipandi sana, basi fungu linalotaka maji ya 1.8 halikupi mlango uleule uliouzoea.

mwana_wa_faza #9

Nahodha maneno yako kweli, ila ongeza kuwa kanuni hiyo ni makadirio ya bahari wazi. Kwenye mikondo myembamba kati ya mikoko, kama huko Mkanda, maji huchelewa, na upepo mkali huyasukuma juu au chini ya jedwali. Ndiyo maana ile akiba ya 0.3 isikatwe ili hesabu "itoke".

MwlGongoni #10

Hii ya maji nimeipenda, nitaiweka hata kwa watu wa hoteli. Swali dogo: jedwali huandika 10:00 na 16:12. Huwa wanachanganya saa?

NahodhaMkanda #11

Sana. Toa sita kwenye saa ya jedwali, jibu likizidi 12 toa 12 nyingine, likiwa sifuri au chini yake ongeza 12. 16 toa 6 ni 10, saa kumi. 22 toa 6 ni 16, toa 12, saa nne usiku. 05 toa 6 ni −1, ongeza 12, saa kumi na moja alfajiri. Na kujaa kwa kesho huchelewa kama dakika 50, wasinakili saa ya leo.

FundiBoriti (Lamu) #12

Ujenzi. Sakafu ya mita 4 kwa 3, unene sentimita 10, mchanganyiko 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto).

Kosa la kwanza liko hapo hapo: 4 × 3 × 10 = 120. Mita za ujazo 120 ni jengo zima. Sentimita 10 ni mita 0.1, ujazo ni 1.2.

Kosa la pili: kugawa 1.2 kwa 7 moja kwa moja. Zege likishakolea maji hupungua ujazo, kwa hiyo vifaa vikavu ni 1.2 × 1.54 = 1.848. Sasa gawa kwa 7: sehemu moja 0.264.

Simenti 0.264. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu 0.0347, kwa hiyo 7.6, nunua mifuko 8.
Mchanga 0.528.
Kokoto 1.056.

Ongeza 5% ya mchanga na kokoto kwa inayomwagika. Mifuko usikadirie kwenda chini hata ikitoka 7.1. Hapa "kukadiria kwa kanuni" ya shule haifanyi kazi, huwezi kununua sehemu ya kumi ya mfuko.

Karai na toroli pimeni wenyewe kwa ndoo ya lita 20 kabla ya kuanza. Ndoo 50 ni mita moja ya ujazo. Na mchanga wa pwani wenye chumvi usiingie kwenye zege lenye nondo, chumvi hula chuma. Si hesabu, lakini sitaliacha.

mwanafunzi_2 #13

Fundi, 1.54 imetoka wapi? Kwingine nimeona "hupungua 35%". Ipi ni kweli?

FundiBoriti #14

Zote mbili. Mchanga huingia kwenye nafasi kati ya kokoto, simenti kati ya chembe za mchanga. Vifaa vikavu 1.54 vinatoa zege 1. Ukianzia vikavu, umepoteza 0.54 kati ya 1.54, ambayo ni 35%. Ukianzia zege, unaongeza 54%. Mwenye kuongeza 35% anapata 1.62 badala ya 1.848, na zege linaisha kona moja ya chumba iko wazi. Swali la mwalimu lile lile, ya nini.

MwlGongoni #15

Hii naiweka kwenye mtihani. Ahsante fundi.

UkhtiLangoni #16

Sehemu, yaani nusu, robo na nyinginezo, msifundishe kwa keki. Fundisheni kwa mirathi. Huku Lamu kila nyumba inaihitaji, na hata asiye Mwislamu atajifunza kigawe kidogo cha shirika bila kusinzia.

Mume amefariki. Ameacha mke, mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Kwanza toa gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi thuluthi. Wanafunzi wengi hugawa mali ghafi, na jibu zima linaharibika hata kama sehemu ni sahihi. Tuseme kilichobaki ni 2,400,000.

Mke thumuni, 1/8. Mama sudusi, 1/6. Kigawe ni 24: mke 3, mama 4, zimebaki 17 za watoto, mwana wa kiume mafungu mawili, binti moja. Mafungu ni 5, na 17 haigawanyiki kwa 5. Basi zidisha 24 kwa 5, upate 120: mke 15, mama 20, watoto 85. Kila wa kiume 34, binti 17. Jumlisha: 15 + 20 + 34 + 34 + 17 = 120. Isipofika 120, rudi nyuma.

Fungu moja 20,000. Mke 300,000, mama 400,000, kila wa kiume 680,000, binti 340,000.

Kosa kubwa: kumpa mke 1/8 ya 2,400,000, kisha mama 1/6 ya KILICHOBAKI. Mama angepata 350,000, amepunjwa 50,000. Sehemu zote mbili ni za mali yote.

Msabaha_Boy #17

Ukhti, na sehemu zikizidi mali je?

UkhtiLangoni #18

Hapo ndipo pazuri. Mke, mabinti wawili, baba na mama. Thumuni, thuluthi mbili, sudusi na sudusi: 3 + 16 + 4 + 4 = 27 kati ya 24. Haiwezekani kutoa 27 kwenye 24, basi kigawe kinakuwa 27 na kila mtu hupungukiwa kwa uwiano ule ule. Hii huitwa aul. Thumuni ya mke imekuwa 3/27, yaani tusui, 1/9, na ndiyo mas-ala ya mimbari inayonasibishwa na Sayyidna Ali. Kwa mali ya 2,700,000: mke 300,000, kila binti 800,000, baba 400,000, mama 400,000. Nani anarithi na nani anazuiliwa, mwulizeni kadhi. Darasani fanyeni hesabu tu.

Zaka ya mali iliyofika nisabu (kiwango cha chini cha kutolewa zaka) na kutimiza mwaka ni 2.5%: gawa kwa 40, kikokotoo cha nini.

baraka_wa_watamu #19

Takwimu jamani mmezisahau. Wastani. Mvuvi amepima kilo za wiki: 14, 11, 0, 12, 13, 96, 15. Jumla 161, gawa kwa 7, wastani 23. Lakini siku sita kati ya saba hakufika hata 16. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati: 13.

Ipi utumie? Ukitaka mapato ya msimu mzima, 23, kwa sababu ile 96 ni samaki wa kweli waliouzwa. Ukitaka kujua barafu ya kubeba siku ya kawaida, 13. Na ile sifuri usiifute. Kufuta sifuri kunapandisha wastani hadi 26.8, na mafuta ya siku hiyo yalichomwa vilevile.

MwlGongoni #20

Mpangilio umekaa: wiki mbili asilimia na bei, mbili mikopo, mbili vipimo na ujazo, mbili maji na muda, mbili mirathi na uwiano, moja takwimu, moja marudio. Kikokotoo ruhusa, ila kila jibu liandikwe makisio kabla ya kubonyeza. Makisio yakiwa mbali, alama moja inaondoka.

Swali la majaribio, nani analipasua? Paa la mabati linafunika mita 8 kwa 6. Mvua milimita 30. Tangi la silinda, kipenyo 1.2, kimo 1.5, tupu. Litajaa?

mwanafunzi_2 #21

48 × 30 = lita 1,440. Tangi: 3.142 × 1.2 × 1.2 × 1.5 = 6.79, lita 6,790. Halijai hata robo.

FundiBoriti #22

Kijana, umeweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo, tangi limekuwa mara nne. 3.142 × 0.6 × 0.6 × 1.5 = 1.697, lita 1,697. Na maji hayaingii yote: ya kwanza huosha paa, mengine hurukia nje ya mfereji. Chukua 0.8: lita 1,152. Tangi linafika mita 1.02 kutoka chini, karibu theluthi mbili. Ile milimita moja kwa mita mraba kuwa lita moja umeipata vizuri.

mwanafunzi_2 #23

Shukran fundi. Na mteremko wa paa? Bati lenyewe ni refu kuliko mita 6.

FundiBoriti #24

Usiuhesabu. Mvua inashuka juu ya eneo la chini lililofunikwa, ndiyo maana mwalimu kaandika "linafunika". Urefu wa bati utauhitaji siku ya kununua bati.